Swali la Tumbo Nililoliruka

Mimi naogopa baiskeli. Nimeiendesha tangu nikiwa mdogo wa kupenyeza mguu chini ya bomba, maana juu sikufika, na nimezeekea juu yake, lakini sasa naiogopa kuliko mamba. Mamba ana mahali pake. Ukikaa mbali na matete, wewe na yeye hamna neno. Baiskeli iko hapo mlangoni kwako, umeiegemeza mwenyewe.

Hofu hii sikuipata siku niliyoanguka. Niliipata baadaye, kwa kusikiliza.

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kubeba samaki. Nachukua sato na ningu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, hapa Musoma, na furu wakavu, nafunga tenga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, napanda mpaka Butiama, na siku za mnada nafika hata Nyamuswa. Breki ya mbele tulikuwa tunaing'oaga. Vijana wa siku hizi wakisikia wanadhani ni ujinga, lakini ukiwa na mzigo mteremkoni ukaishika breki ya mbele, baiskeli inasimama na wewe unaendelea. Breki yetu ilikuwa kandambili. Unainua mguu, unakandamiza soli kwenye tairi, inalia kama nguruwe, inanuka mpira unaoungua, unafika chini salama. Mimi nilikuwa namaliza pea moja kwa wiki mbili. Mke wangu aliniambiaga, "Wewe ndiye mwanaume pekee anayevaa viatu kwa kuvitafuna."

Basi siku niliyoanguka hata samaki sikuwa nao. Biashara nilishaiacha. Nilikuwa natoka kumwona mgonjwa, nateremka kuja kwangu Kigera, na kandambili ikakatika ule mkanda wa kidoleni. Kumbe soli ilikuwa imebaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikavunjika mtulinga. Nikapelekwa hospitali, mapokezi ya dharura, na nikiwa nimekaa pale nimeshika mkono wangu kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, akaja binti mmoja na koti jeupe na kile kibao cha kioo wanachoandikia kwa kidole.

Alikuwa daktari, ila pale hakuwa anatibu. Alikuwa anafanya utafiti. Anataka kujua watu wazima wanaoanguka na baiskeli wanaumia wapi, kwa nini, na wanafika hospitali wakiwa na hali gani. Watu wazima tu, watoto wana utafiti wao. Lugha yake ilikuwa ya pwani, laini, inateleza, na alikuwa na maswali ishirini na kitu.

"Babu, ulikuwa umevaa helmeti?"

Mfupa umevunjika, lakini nilicheka. "Binti yangu, unaniona mimi ni wa kuendesha ndege?"

"Ulikuwa umekunywa pombe?"

"Uji."

"Baiskeli yako ina breki?"

"Ilikuwa nayo. Imekatika mkanda."

Akaandika, akasimama, akaniuliza breki gani ina mkanda. Nikainua mguu nikamwonyesha ule mwingine uliobaki na kandambili. Aliitazama muda mrefu. Akasema kwenye kibao chake hakuna mahali pa kuandika hiyo.

Kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja kutoka vijiji vya rasi, amedondoka kwenye keria. Binti anamuuliza, bibi anamjibu kwa kilugha, binti anatabasamu tu. Nikaingilia, nikawa nawapokeza maneno, huku na huku, na mkono wangu kwenye kitambaa. Walipomaliza, binti akaniambia, "Babu, ukipona njoo unisaidie. Hawa watu kwangu hawasemi."

Nilipopona nikaenda. Sitaficha, nilipenda. Mimi darasa nililoliacha ni la nne, na hapa natembea na daktari, leo Musoma, kesho Bunda, wiki ijayo Butiama, naitwa babu wa utafiti, nakaribishwa chai kwa manesi. Nina kiti changu. Watu walikuwa wanaogopa kile kibao, wanadhani ni polisi, au ni watu wa kodi ya baiskeli wamerudi kwa njia nyingine. Nilikuwa nawaambia, jina lako haliandikwi, unapewa namba tu, na ukikataa kujibu unatibiwa vilevile. Hapo wanalegea. Jamaa mmoja wa Manyamanyama, kule Bunda, meno ya mbele yamekwenda, akasema, "Andika nimegongwa na mbuzi."

Nikamwambia, "Lakini pombe nainusa mpaka huku."

"Basi andika mbuzi alikuwa amelewa."

Tulicheka. Lakini mtu akisikiliza anguko moja baada ya jingine, siku baada ya siku, moyo unaanza kujaa. Nilikuwa sijui kuwa kuna namna nyingi hivyo za kuanguka. Kuna aliyeingiza kanga kwenye spoku. Kuna aliyekatikiwa na uma wa mbele kwenye njia iliyonyooka, hana mzigo, hana haraka, anaimba. Kuna mwalimu aliyekwepa jiwe akaikuta pikipiki. Nikirudi Kigera jioni nashuka kwenye baiskeli, naisukuma. Kwanza nilishuka milimani tu. Halafu madarajani. Mwishowe nilikuwa naisukuma hata kwenye tambarare, na vijana wa kijiwe cha bodaboda wananipigia kelele, "Mzee, leo zamu yako kuibeba?"

Na lililoniogopesha kuliko yote lilikuwa tumbo.

Binti ndiye alinifundisha. Aliniambia mkono ukivunjika unaonekana, kichwa kikipasuka damu inasema yenyewe, ila tumbo linaficha. Mtu anaanguka, usukani unageuka, ile ncha ya chuma inamgonga hapa, chini ya mbavu. Anainuka, anajipangusa vumbi, anacheka na wenzake. Ndani kuna kitu kimechanika na kinavuja polepole. Anakaa saa mbili, saa tatu, hata zaidi, halafu anaanguka mara ya pili, na hiyo ya pili hainuki. Akaniambia na dalili zake: jasho la baridi, kiu, na bega la kushoto linauma wakati hakuna kilicholigusa. "Hilo bega, babu, ni tumbo linasema kwa mdomo wa mwingine." Ndiyo maana kibao chake kilikuwa na swali la usukani na tumbo, na la kukojoa, mkojo una rangi gani. Mtu akijibu ndiyo, binti hasubiri kumaliza maswali. Anamkimbilia daktari wa zamu, mtu anapelekwa mbele ya foleni. Akijibu hapana, anakaa kwenye benchi kungoja kushonwa.

Alisema, "Maswali mengine yote unaweza kuyasahau. La tumbo usiliruke."

Sasa niseme kuhusu ukwe, maana bila hilo mtu hawezi kunielewa, na hata kwa hilo sijui kama atanielewa.

Kwetu mkwe ni kitu cha kuogopwa. Simaanishi hofu ya kipigo. Baba wa mke wa mwanangu, mimi na yeye ni wazee sawa, labda ananizidi mwaka, lakini tangu ng'ombe zilipotoka kwangu kwenda kwake hatujawahi kula kwenye sahani moja. Nikifika kwake nabisha nikiwa mbali. Nikimkuta anaoga mtoni natafuta njia nyingine hata kama ni ya miiba. Habari za mwili hazipiti kati yetu. Hawezi kuniambia ameharisha, mimi siwezi kumuuliza amelalaje. Kukiwa na neno zito la namna hiyo anatafutwa mtu wa katikati, mjukuu, au mtani, analibeba, analifikisha kwa mzaha, wakubwa wanajifanya hawajasikia. Mke wa mwanangu mwenyewe, miaka kumi na moja yuko kwenye boma langu, hajawahi kunitazama usoni akila. Wengine mjini wameacha. Sisi hatujaacha.

Siku yenyewe tulikuwa zamu kwenye hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, halikuwa la wale watu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Watu wengi, maana gari moja la Noah lilikuwa limetumbukia mtaroni na abiria wake wameletwa wote kwa pamoja, wanalia, na madaktari wawili tu. Ikaingia bodaboda mpaka kwenye ngazi, watu watatu juu yake, wa katikati kidevu kimefunikwa na kitenge chenye damu. Wakamshusha. Alisimama mwenyewe. Akatembea mwenyewe. Alipotoa kitenge, nikamwona ni mkwe wangu.

Nilisimama. Yeye akaangalia chini, mimi nikaangalia ukuta. Tukasalimiana hivyo, mmoja na sakafu, mwingine na ukuta.

Waliomleta wakaeleza. Alikuwa anatoka nyumbani kwake upande wa Nyamuswa, amefunga lumbesa la pamba kwenye keria analipeleka kituoni kuuza. Mbuzi akakatisha, mbuzi wa kweli safari hii. Akaangukia upande, pamba ikamfuata. Kidevu kimechanika, kiganja kimechubuka. "Hana neno," walisema, "ameinuka mwenyewe akaokota pamba yake." Wakaondoka kurudi kuilinda hiyo pamba.

Binti akafurahi, maana hajui. "Karibu, baba. Babu wetu hapa atakusaidia." Mkwe wangu Kiswahili anakijua, cha mnadani, lakini akiwa na maumivu, na kwa ile haraka ya kipwani ya binti, alikuwa anajibu kwa kilugha. Chao na chetu vinasikilizana. Nikakaa kwenye kiti changu, upande, uso nimeugeuza. Tukaanza. Umri. Kazi. Ulikuwa unakwenda wapi. Kofia ngumu, hakuna. Taa, hakuna. Breki, moja ya nyuma. Yote hayo yalipita.

Ndipo nilipoliona shati lake.

Lilikuwa shati jeupe, la Jumapili lililochoka. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na duara. Dogo, la rangi ya kutu, limechorwa vizuri kabisa, kama mtu ameweka mdomo wa kikombe cha chai hapo akakiondoa. Mimi nimekaa na baiskeli miaka mingi. Najua ncha ya usukani ambayo mpira wake umeisha. Najua ukubwa wake kama ninavyojua kidole changu.

Binti akasema, "Sasa muulize, usukani ulimgonga tumboni? Na tangu ameanguka amekojoa? Mkojo ulikuwa na rangi gani, una damu?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kuuliza. Nilitafuta neno la mkojo kwa kilugha, na kwa kilugha hakuna la heshima, ni lilelile wanalotupiana watoto. Nikamwona mkwe wangu anakaza shingo, kama ng'ombe anayesikia kamba. Nikamwuliza, "Ng'ombe umeacha na mtu?"

Akasema, "Hapana."

Nikamgeukia binti. Nikasema, "Anasema hapana."

Kidole chake kikagusa kioo. Hapana. Hapana. Mkwe wangu akaonyeshwa benchi, karibu na dirisha, angoje kushonwa kidevu baada ya wale wa Noah.

Nilijifariji. Nilisema ametembea mwenyewe. Nilisema kutu ni kutu tu, inashika nguo. Nilisema daktari atamwona atakapofika zamu yake, daktari ana macho. Lakini lile duara lilinikaa mbele ya uso kila nilipogeuka, nikawa nasahau swali kabla sijalifikisha, hata binti akaniuliza kama nimekula.

Nikaona njia ni ileile ya siku zote, nitafute mtu wa katikati. Nje ya geti kulikuwa na mama mmoja anauza chai na maandazi, ni wa watu wa upande wa mkwe wangu, na kwa hiyo ni mtani wangu. Kila nikipita anatukana ziwa lote. Nikatoka haraka.

"Mama, kuna neno nataka unifikishie ndani."

"Walaji wa kamongo, watu wa ziwa, wamenikumbuka leo! Neno gani, unataka kuoa?"

"Kuna mkwe wangu ameanguka na baiskeli. Nataka umuulize kama ameumia tumbo. Na kama amekojoa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Si wewe ndiye daktari wa baiskeli? Unazunguka wilaya nzima unauliza mikojo ya watu, ya mkwe wako imekushinda?"

"Mama, usicheke."

"Nicheke nini tena kama sicheki hili? Ngoja nimalize kuwahudumia hawa, nakuja." Na kweli walikuwepo watu wanne wanangoja chai. Nikasimama hapo. Mtu mzima, nimesimama kwenye jua nangoja watu wanywe chai ili mtu aende akaulize swali ambalo nimelipwa nauli kuliuliza. Wa tatu akaomba aongezewe sukari. Sijui nilikaa muda gani. Niliona kama ni msimu mzima. Mwishowe nikamwacha, nikarudi peke yangu.

Mkwe wangu alikuwa amekaa palepale, lakini ameinama. Kwenye paji la uso kulikuwa na jasho, na chumba kile kilikuwa na upepo wa dirishani. Rangi ya midomo imekuwa kama majivu ya kuni mbichi. Lakini alikuwa hasemi kitu. Sisi tuliotahiriwa kwa kisu, mbele ya watu, tumefundishwa tangu ujana kuwa mwanaume akiguswa na chuma hafumbi hata jicho. Funzo lile limetuua wengi kuliko kisu chenyewe.

Nikakaa mwisho wa benchi, mbali kama inavyotakiwa. Akasema, bila kunitazama, "Mkwe, kuna maji?"

Nikasema, "Yapo."

Akasema, "Naona nilililalia hili bega. La kushoto. Linauma kama lina jino."

Hapo ndipo nilipoijua hofu yenyewe. Zile nyingine zote zilikuwa hofu za mzaha. Nilimwona mwanangu, nikamwona mke wake analia kwenye uwanja wangu, nikawaona wajukuu wangu wanne ambao damu yao nusu ni ya yule mzee, nikasikia wazee wa upande wake wanauliza, alifika hospitali akiwa hai? Alifika. Alitembea? Alitembea. Nani alikuwepo? Nikawa naona watu wote wananigeukia.

Nikasimama, nikapiga kelele. Katikati ya wagonjwa, wake za watu, manesi, nikapiga kelele kwa Kiswahili, maana kwa kilugha nisingeweza mpaka leo. "Binti! Nilikudanganya! Sikumuuliza! Usukani umempiga tumboni, angalia shati, na bega la kushoto linamuuma, na sijui kama amekojoa damu, sikumuuliza!"

Chumba kizima kikanigeukia. Mkwe wangu akafunika uso kwa kiganja kilichochubuka.

Binti akaweka kibao chini. Alinitazama mara moja tu, na nitakufa nao ule mtazamo. Akakimbia. Daktari akaja na damu za wengine kwenye glovu, akazivua, akavaa nyingine, wakamlaza mkwe wangu kwenye machela, wakafungua shati. Mimi niligeuka ukutani. Hata hapo niligeuka. Nilisikia tu daktari anasema tumbo limekuwa gumu kama ubao, nikasikia anaomba picha ya tumbo, halafu nikasikia neno bandama, nikasikia, "Twende, twende, twende," na magurudumu.

Walihitaji damu. Yangu wakaikataa kwa umri. Nikampigia mwanangu simu, akaja na pikipiki kutoka Musoma, sijui aliiendeshaje, akatoa yake. Mimi na mke wa mkwe wangu, ambaye naye aliletwa, tulikaa nje ya chumba cha upasuaji, yeye upande wake wa mlango, mimi upande wangu. Mama yule tangu ndoa ya watoto hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Akajifunga kanga vizuri, akasema akitazama mlango, "Mkwe, wanasema ulikuwepo alipofika. Alisema nini?"

Nikamwambia, "Alisema ng'ombe hazina mtu."

"Wa jirani yupo," akasema. "Nimemwacha nazo." Halafu kwa sauti ndogo, "Hakusema anaumia?"

"Hakusema."

Haukuwa uongo. Nilikaa na huo ukweli saa zile zote kama mtu aliyekalia siafu. Kila mlango ulipofunguka nilijua ni wenyewe wanakuja kusema. Ukafunguka mara nyingi, wanatoka na ndoo, wanaingia na mfuko wa damu, wanatoka na mkasi umefunikwa, hawatutazami. Jua lilianza kulala kwenye madirisha ndipo daktari akatoka, akavua ile kofia ya kitambaa, akasema wametoa bandama, imepasuka, damu iliyokuwa imejaa tumboni ni nyingi, lakini mzee anapumua. Akasema mzee angekaa nusu saa zaidi pale kwenye benchi, wasingekuta mtu wa kumpasua. Mama akapiga magoti akashukuru Mungu. Mimi nilikuwa nahesabu wale watu wanne na chai yao.

Binti hakunifukuza. Nilimkuta jioni ile ameinamia kibao chake. Akaniuliza kwa upole, na upole ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Babu, ni huyu tu?"

Nikamwambia ukweli. Haikuwa huyu tu. Kulikuwa na mama mmoja wa Butiama, mkwe wa ndugu yangu, na mzee mmoja aliyenibatizia watoto. Kwao nako nililiruka swali. Kazi ya kesho yake ilikuwa kuwatafuta. Sitaki kusimulia safari ile. Nilipokuwa naona watu zaidi ya watano wamekusanyika mbele ya nyumba, nilikuwa nasimama njiani kwanza mpaka nihakikishe hakuna turubai la msiba. Wote wawili walikuwa wazima. Binti akafuta majibu yao ya zamani, akauliza mwenyewe upya. Na tangu siku ile swali la tumbo hakuliacha kwa mdomo wa mtu. Alikuwa anaomba ruhusa, anaweka mkono wake mwenyewe, anabonyeza, anatazama uso.

Mimi niliacha kazi hiyo. Baiskeli nayo nikampa mwanangu, nikamwomba aiuze mbali, nisiione inapita.

Ikabaki kumwambia mwenyewe. Nilikaa nayo miezi. Mkwe wangu alirudi kwake, akanenepa kidogo, akaanza kutembelea shamba. Nikaenda Nyamuswa kwa basi. Nikabisha kwa mbali. Tukakaa uwanjani, viti viwili, kati yetu nafasi ya kupita ng'ombe, tukaongea mvua, tukaongea bei ya pamba, tukaongea minyoo ya ndama. Halafu nikasema nikitazama zizi, "Mkwe, siku ile hospitali yule daktari aliniambia nikuulize neno, sikukuuliza. Nilikuuliza ng'ombe."

Akatoa kijiti alichokuwa anachokonolea jino.

"Nilimsikia," akasema.

"Ulimsikia nani?"

"Yule binti. Si alisema kwa Kiswahili? Mimi Kiswahili nasikia. Usukani na tumbo, na lile jingine. Na mimi nilishakojoa njiani, kabla ya kupanda bodaboda. Ilikuwa nyekundu. Nilisema, sasa huyu mkwe ataniuliza, na mimi nitamjibu nini mbele ya watu? Nilikaza moyo. Nikasikia umeniuliza ng'ombe." Akatikisa kichwa polepole, na kwenye uso wake niliona kitu ambacho sikukitegemea. "Nilikushukuru sana, mkwe. Nikasema nimemwoza binti yangu kwa watu wenye adabu."

Nilitaka kumwambia alikuwa anakufa. Nilitaka kumwambia adabu hiyo ilikuwa na damu ndani yake lita ngapi. Nikamuuliza tu, "Na kama ningelikuwa mimi nimelala pale, na wewe ndiye mwenye kiti?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ningekuuliza samaki," akasema.

Mke wake akatuletea chai, akaiweka chini katikati, akaondoka bila kututazama. Mkwe wangu akanikaribisha. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike.